Milioni Kumi na Mbili Zisizo na Karatasi

Mkataba wa nyumba ile niliuchapa mimi, kwa kompyuta yangu, katika chumba changu cha kazi karibu na njia panda ya Sonatubes, Kigali. Kwa hiyo katika haya ninayoyasimulia sina wa kumlaumu kabla ya kujilaumu mwenyewe. Bei niliyoichapa ilikuwa faranga milioni kumi na nane. Bei waliyokubaliana ilikuwa milioni thelathini.

Muuzaji alikuwa mama mjane, fundi cherehani wa Kimisagara, Mwislamu ambaye babu yake alifika mjini kwetu na biashara za pwani. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu, ingawa mimi nimekulia Tanzania. Mnunuzi alikuwa jirani yake, muuza vipuri vya pikipiki, ambaye duka lake liko bondeni, chini kidogo ya nyumba ya mama huyo. Walikaa kwenye benchi moja mbele ya meza yangu. Mnunuzi ndiye aliyesema tuandike kumi na nane ili kodi ya mauzo ipungue. Milioni kumi na mbili zilizobaki angezileta taslimu. Kodi ile kisheria humwangukia muuzaji, lakini walikuwa wamepatana kugawana, hivyo kila mmoja alikuwa na chake cha kuokoa. Mama akanigeukia akauliza kama jambo hilo linaruhusiwa.

"Mama," nikasema, "hapa kila mtu anaandika hivyo."

Sikusema linaruhusiwa. Nililikwepa neno hilo kwa uangalifu, na uangalifu huo ndio ulionisumbua baadaye, kwa sababu unaonyesha kwamba nilijua.

Mimi si mwanasheria. Shule niliacha kidato cha pili, ada iliposhindikana. Nilichojifunza kuhusu kodi nimekisoma katika gazeti la serikali, ambalo kwetu huchapwa kwa safu tatu: Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Nilipokwama katika safu moja nilihamia ya pili, na mahali safu zilipotofautiana niliweka alama kwa penseli nikaenda kuuliza. Nimefanya hivyo kwa miaka mingi, ukurasa baada ya ukurasa, kati ya mteja mmoja na mwingine. Watu wa mtaani walianza kuniletea barua za kodi niwasomee. Yule mama aliniita karani, kwa utani, akisema makarani wa zamani walivaa kofia na mimi sina hata kofia.

Baada ya sahihi kuwekwa mbele ya noteri, afisa anayethibitisha mikataba, tulirudi uani kwake Kimisagara kunywa kinywaji cha mashahidi. Hiyo ni desturi yetu: ardhi haibadilishi mkono kimyakimya. Majirani hukaa, muuzaji na mnunuzi hutaja mbele yao kilichouzwa na bei yake, kisha wote hunywa, na aliyekunywa amekuwa shahidi. Kwingine hunywewa pombe. Kwa mama huyu zilikuwa soda na sambusa. Tulikuwa watu wanane. Muuza vipuri alisimama, akataja milioni thelathini kwa sauti ambayo nadhani ilisikika ng'ambo ya bonde, na majirani wakapiga makofi. Nilikunywa soda yangu pamoja nao. Mkataba wenye kumi na nane ulikuwa kwenye mfuko wangu wa karatasi, chini ya kiti.

Ilipita kama nusu mwaka. Mama alikuwa amepanga chumba jirani na nyumba yake ya zamani na aliendelea kushona akisubiri ruhusa ya kuhamia Kanada, alikokuwa binti yake wa pekee. Ruhusa ilipotoka alikuja kwangu na kopo la biskuti ambamo aliweka hati zake zote, akalifungua juu ya meza yangu bila kukaa.

"Karani, pesa yangu imekataliwa safari," akasema. "Mimi nimepewa viza, yenyewe haikupewa."

Alikuwa ametoka benki. Zile milioni kumi na mbili, kwa uaminifu wake, alikuwa ameziweka zote siku moja, na siku hiyo hakuna aliyemuuliza kitu kikubwa. Alipotaka kuzituma nje pamoja na nyingine ndipo maswali yalipoanza. Afisa wa benki alikuwa na adabu, akamwonyesha kwenye skrini. Kumi na nane zina mkataba na risiti ya kodi, hizo zinaweza kwenda. Kumi na mbili zimetoka wapi? Mama akasema zimetoka kwenye nyumba hiyohiyo. Afisa akasoma mkataba tena na kumwambia kwa upole kwamba nyumba hiyo iliuzwa kumi na nane.

Nilimwomba akae, nikamuuliza pesa ile ina kazi gani huko. Swali hilo huwa nauliza kwanza, kwa sababu wengi wanaotaka kuhamisha pesa yao yote hawajui watakachoifanyia, na mara nyingine ni heri wasubiri. Yeye alijua. Binti na mumewe walikuwa wananunua nyumba. Chini ya nyumba kulikuwa na chumba chenye choo na mlango wake wa nje. Mama angelipia sehemu yake, na jina lake lingeandikwa kwenye hati pamoja na ya wale wawili. Mwanasheria wa kule alitaka pesa ipite benki, iwe na maelezo ya chanzo, na ifike kabla ya tarehe ya kukamilisha ununuzi. Zilikuwa zimebaki wiki sita. Milioni kumi na nane hazikufika sehemu hiyo. Bila zile kumi na mbili, jina lake lisingeingia.

"Mkwe wangu ni mtu mzuri," akasema. "Sina neno naye. Lakini nikienda mikono mitupu nitakuwa mgeni mpaka nife. Nitaomba ruhusa ya kufungua jokofu. Nimekaa kwenye nyumba yangu miaka thelathini na moja, karani. Siwezi kujifunza ugeni sasa."

Nilimtazama akifunga kopo. Mkataba ule niliuchapa mimi, na hilo alilijua.

Watu walikuwa wameshampa mashauri. Mmoja wa majirani alimwambia azitoe benki, azirudishe kidogokidogo kwa majina ya ndugu, kisha kila ndugu atume kipande. Mfanyabiashara mmoja alimwambia ampe pesa hapa Kigali, na mtu wake atampa binti kiasi hicho kule, bila karatasi. Hilo la kwanza nilimwambia lingemfanya aonekane mtu anayeficha, wakati hakuwa mtu wa kuficha. La pili lisingemsaidia, kwa sababu pesa ingefika mkononi mwa binti bila chanzo, na mwanasheria wa kule angeikataa vilevile. Akacheka kidogo. Akasema mfanyabiashara yule amemwahidi hata kumtafutia koti la baridi.

Nilichukua karatasi nyeupe nikamchorea mambo kama ninavyoyaelewa, kwa sababu wasiwasi wake mkubwa haukuwa mahali penyewe. Alidhani kuna kodi ya kuhama: kwamba serikali hukata sehemu ya mali ya mtu kwa kuwa anaondoka. Nikamwambia sijaiona katika safu yoyote kati ya zile tatu. Kinachotozwa ni kuuza nyumba, na kodi hiyo hulipwa hapa, ukihama usihame. Kanada nako, pesa anayoingia nayo mhamiaji haitozwi kwa sababu tu ameingia nayo. Watakachouliza ni kile itakachozaa baada ya yeye kuwa mkazi wao. Na ukazi wenyewe huangaliwa kwa mambo ya kawaida: makazi yako yako wapi, na mwaka unaupitisha wapi zaidi. Kwa hiyo kuhama hakukuwa shida. Shida ilikuwa kwamba nyumba ililipiwa kodi ya kumi na nane na iliuzwa thelathini.

"Basi nikalipie zile nyingine," akasema, kama mtu anayeambiwa amesahau kulipia kitambaa.

Nikamweleza kwamba ni hivyo hasa, ila haifanyiki peke yake. Mkataba una sahihi mbili. Ili bei ibadilike, muuzaji na mnunuzi lazima warudi kwa noteri wasaini marekebisho. Na mnunuzi alikuwa hana sababu hata moja ya kurudi.

Tulikwenda dukani kwake kesho yake asubuhi. Nilikuwa nimejiandaa kwa hoja tatu, nimeziandika kwenye daftari. Muuza vipuri alikuwa amekaa juu ya tairi akifunga mnyororo wa pikipiki ya mteja. Alimpa mama kiti na kumuuliza habari za safari. Nilipoanza kueleza, mikono yake ilisimama.

"Ile karatasi iko sawa," akasema. "Iko na muhuri, iko na sahihi. Kwa nini munaitafutia maneno?"

Nikatoa hoja ya kwanza, ya sheria. Akasema sheria iko kwa wote, na mbona wote wanaandika hivyo. Yalikuwa maneno yangu mwenyewe, na yalinifika. Nikatoa ya pili, kwamba ni afadhali kwenda mwenyewe kabla ya kuitwa. Akasema hajaitwa. Ya tatu sikuitoa, kwa sababu alikuwa amenigeuzia mgongo na kusema na mama peke yake. Alimwambia kwamba akikubali leo kwamba alilipa taslimu milioni kumi na mbili, kesho watakuja dukani kuuliza alizipata wapi, watahesabu kila plagi na kila balbu, na yeye ana watoto wanne. Hakusema kwa ukali. Alikuwa ameogopa.

Mama alimwomba maji, akanywa, tukaondoka. Njiani alipanda kilima polepole. Alisema kwamba hawezi kumlazimisha mtu mwenye watoto wanne, na kama ni hivyo atakwenda na kumi na nane, na jina litakuwa la wengine. Alisema atazoea. Nilimsindikiza hadi mlangoni kwake. Nikaona mashine yake ya cherehani ilikuwa imeshafungwa kwa kamba, tayari kwa aliyeinunua.

Siku mbili zilizofuata nilifanya kazi vibaya. Nilirudia kichwani alichosema muuza vipuri, na nikagundua kwamba mimi, ambaye huuliza kila mteja swali la kwanza, yeye sikumuuliza kitu. Nilikwenda na hoja. Hofu yake ilikuwa na swali ndani yake, na swali hilo lilikuwa na jibu: alizipata wapi?

Nikarudi peke yangu, nikanunua balbu ya pikipiki ambayo sikuihitaji, kwa sababu sina pikipiki. Akaniangalia akatabasamu bila kutaka. Nikamwambia sikuja kumwomba sahihi. Nimekuja kumuuliza jambo moja, na asipotaka kunijibu nitaondoka na balbu yangu. Zile milioni kumi na mbili, alizipata wapi?

"Ikimina," akasema. "Zamu yangu ilifika. Na nyingine nilikopa humohumo."

Ikimina ni kikundi cha kuweka pesa, kuipokea kwa zamu na kukopeshana. Karibu kila mtaa wetu unacho. Nikamuuliza kama kina daftari. Akasema bila shaka kina daftari, kila Jumapili wanasaini wote, na katibu ni mwalimu mkali ambaye humtoza faini hata anayechelewa. Nikamuuliza kama matangazo ya kodi ya duka lake, yaani taarifa za mapato za kila mwaka, ameyapeleka. Akayaleta kwenye simu, moja moja, na tukayapitia yote nimesimama kando ya tairi. Yalikuwa kamili. Mwaka mmoja alikuwa amelipa hata zaidi ya alichodaiwa, kwa kukosea.

"Basi unaogopa nini?" nikamuuliza.

Akasema hajui. Alikuwa amezoea kuogopa tu.

Lakini bado hakusema ndiyo. Mtu akishaondolewa sababu ya kukataa, bado hajapata sababu ya kukubali. Hiyo ya pili haikutoka kwangu. Nilipomweleza mama kuhusu daftari la ikimina, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akajifunga mtandio akashuka bondeni. Mimi nilimfuata nyuma.

Alisimama mlangoni mwa duka. Wateja wawili walikuwepo, na hakungoja waondoke.

"Mwanangu," akasema, "siku ile uani kwangu uliniachia aibu?"

"Hapana, mama."

"Ulisimama ukasema bei gani?"

Akajibu polepole kwamba alisema thelathini.

"Ukasema kwa sauti. Mwenye duka la unga alikuwepo, akanywa. Mzee wa msikiti akanywa. Mama wa mapacha alikunywa mbili. Na huyu karani naye akanywa, amekaa juu ya ile karatasi yake kama kuku." Wateja wakacheka. "Mtaa mzima unajua bei ya nyumba yangu. Asiyejua ni karatasi peke yake. Mimi naondoka, mwanangu. Sitaki kwenda mbali nikiwa na nyumba mbili, moja niliyoiuza mbele ya watu na nyingine niliyoiuza kwa karani."

Muuza vipuri aliangalia chini. Akajipangusa grisi mikononi kwa kitambaa, kidole kwa kidole, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akasema kwamba yeye alitaja ile bei kwa furaha, kwa sababu ilikuwa nyumba yake ya kwanza, na tangu siku ile hajapenda kuusoma mkataba. Akauliza noteri anafungua saa ngapi.

Marekebisho niliyachapa bila malipo. Bei niliiandika kwa tarakimu na kwa maneno, nikaisoma kwa sauti mbele yao wote wawili kabla ya kuichapisha. Tangu hapo nasoma bei kwa sauti kwa kila mkataba ninaouchapa, na kuna wateja waliokwenda kwa wachapaji wengine kwa sababu hiyo.

Kwenye ofisi ya kodi tulikwenda watatu. Afisa alikuwa dada niliyemzidi umri kwa miaka mingi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Alisoma mkataba wa kwanza, akasoma marekebisho, akauliza bei ya kwanza ilitokaje. Mama akafungua mdomo, nami nikamtangulia. Nikasema niliichapa mimi, nikijua bei halisi. Alinitazama juu ya miwani, akaniuliza mimi ni nani wa hawa watu. Nikasema mimi ni mchapaji.

"Mchapaji anayesoma gazeti la serikali," akasema, kwa sababu nilikuwa nimelibeba, lenye alama za penseli.

Aliandika jina langu mahali fulani. Sijui kama lilipelekwa popote. Hadi leo sijaitwa. Kisha akaeleza mambo kwa utaratibu. Kodi iliyobaki ilipwe, na riba ya kuchelewa ilipwe. Adhabu ya kupunguza bei hawangetozwa, kwa kuwa wamekuja wenyewe kabla ya kuitwa. Muuza vipuri alishusha pumzi hadi afisa akamuuliza kama anaumwa. Wakagawana malipo kama walivyopatana tangu mwanzo. Palepale tulifunga pia usajili wa kodi wa kazi ya mama ya cherehani, maana mtu akihama na kuuacha wazi, matangazo huendelea kudaiwa kila mwaka na faini hukua wakati hayupo. Afisa alibonyeza mara mbili tatu, akasema tayari. Mama aliendelea kuitazama ile skrini.

"Miaka yote hiyo," akasema. "Kumbe hufungwa hivyo tu."

Hati ya kutodaiwa kodi ilitoka wiki iliyofuata. Kati ya wiki sita zilikuwa zimebaki siku tisa.

Benki tulimkuta afisa yuleyule mwenye adabu. Aliweka karatasi zote mezani kwa mpangilio: mkataba, marekebisho, risiti mbili za kodi, hati. Alizisoma bila haraka, nami nilimheshimu kwa hilo. Mwishoni akasema inatosha. Fedha zilikuwa zimepungua kwa kodi, riba na gharama za kutuma, na mama alikuwa amelazimika kuongeza pesa ya cherehani ili zifike sehemu yake kamili. Zilifika, kwa tofauti ndogo sana.

Afisa alinipa fomu nimjazie, kwa sababu miwani ya mama ilikuwa imeshafungwa sandukuni. Jina, akaunti, benki ya kule. Nikafika kwenye nafasi ya sababu ya kutuma. Nikaandika: ununuzi wa sehemu ya nyumba. Akaniuliza nimeandika nini, nikamsomea kwa sauti.

"Sehemu," akarudia. "Karani, andika chumba."

Nikamtazama afisa. Afisa akasema nafasi inatosha. Nikaongeza mbele ya maneno yangu, kwa herufi kubwa ili zisomeke: chumba chenye mlango wake. Nikamsomea tena yote, akachukua kalamu akasaini.